Mazingaombwe Yanapogoma

Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali, kuna uwezekano mkubwa uliwahi kumwona mtu wa mazingaombwe, au angalau kaka zako walikusimulia. Anakuja na begi lake, anaongea na mwalimu mkuu, kesho yake mnaambiwa mje na hela kidogo ya kiingilio. Mnakaa chini, anameza kitambaa, anatoa yai nyuma ya sikio la mwenzenu, anageuza karatasi kuwa noti. Mnarudi nyumbani mkibishana njia nzima.

Mazingaombwe ni sanaa ya kumfanya mtu aone jambo ambalo halikutokea, au asione jambo linalotokea mbele ya macho yake. Ndiyo maana yakaitwa pia kiinimacho. Hakuna dawa pale. Kuna mkono mwepesi, maneno mengi, na kuujua vizuri udhaifu wa macho ya binadamu. Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, waliwaonyesha watu video ya vijana wanaorushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati ya video akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa, kwa sababu walikuwa bize kuhesabu. Mtu wa mazingaombwe anaishi mjini kwa kanuni hiyohiyo. Anakupa kitu cha kutazama, halafu anafanya yake pembeni.

Sasa sisi tunaosomea ualimu, tupende tusipende, tuko kwenye biashara inayofanana na hiyo. Tumefundishwa kwamba utangulizi wa somo lazima umkamate mwanafunzi. Kwa hiyo tunabeba puto, yai, sumaku, mshumaa na glasi ya maji. Tunasema, "Haya, wote tazameni hapa." Na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa makusudi kabisa umekusanya macho yote sehemu moja, umewapa ahadi kwamba kuna la ajabu linakuja, halafu kitu kinagoma palepale walipotazama. Ukisahau pointi moja kwenye prezentesheni, watu wanaweza wasijue. Jaribio likigoma, darasa zima linajua kwa wakati mmoja.

Nimeona wenzangu wakitoka kwenye mazoezi ya kufundisha na maksi nzuri tu, lakini wakiwa wameapa kutofanya tena jaribio mbele ya wanafunzi. Hiyo ni hasara kubwa kuliko maksi. Mwalimu akiingia kazini na kiapo cha namna hiyo, kuna watoto watakaosoma fizikia miaka minne kwa kunakili ubaoni tu.

Kilichotokea Inyonga

Inyonga ni makao makuu ya wilaya ya Mlele, mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa rasmi mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Ukitoka Mpanda kuelekea upande wa Tabora, unakutana na misitu ya miombo, na ndani ya misitu hiyo kuna mizinga. Huku ni kwa Wakonongo, na asali ya huku haihitaji kusifiwa. Mazoezi yetu ya kufundisha tulipangiwa maeneo hayo, wanafunzi kadhaa wa mwaka wa pili. Nilikuwa napanga nyumba moja na mwenzangu wa fizikia, na tulikuwa tunaingia kwenye vipindi vya mwenzako kumwangalia na kumwandikia maoni.

Siku hiyo alikuwa na kidato cha kwanza, mada ya mgandamizo. Alichagua jaribio linalojulikana dunia nzima: unajaza glasi maji, unafunika kwa karatasi, unaigeuza juu chini, unaachia karatasi, na maji hayamwagiki. Darasa lilikuwa limejaa, wengine watatu kwa dawati. Akawatangazia kabisa: "Nitageuza, na hakuna hata tone litakaloanguka."

Akageuza. Maji yote yakamwagika kwenye meza, kwenye andalio la somo na kwenye viatu vyake.

Darasa lilicheka kama timu imefunga goli. Kutoka nyuma kijana mmoja akapaza sauti, "Ticha, dawa imeisha nguvu!" Wakacheka upya. Mwenzangu alijifuta, akachukua chaki, akaanza kuandika nota mpaka kengele ilipolia. Hakugeuka tena kuwatazama.

Siku zilizofuata alifundisha vizuri tu kwa maana ya kumaliza mada. Ila zana zote zilibaki chumbani. Kila jioni alikuwa na sababu mpya: muda hautoshi, darasa ni kubwa, maji ya kubeba ni shida. Mimi niliyekaa naye nilijua sababu ni ileile moja. Na msimamizi kutoka chuoni alikuwa anatarajiwa wiki inayofuata.

Kwa nini inauma hivyo

Kuna utafiti mmoja ambao naona kila anayesomea ualimu angepaswa kuujua. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Mwanafunzi anavalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki ambaye vijana wale waliona ni aibu kumvaa, anaingizwa kwenye chumba chenye wenzake, kisha anatolewa na kuulizwa: unadhani ni wangapi wameona picha yako? Wavaaji walikisia karibu nusu ya waliokuwepo. Ukweli ulikuwa karibu robo. Yaani mtu akiwa kwenye aibu anahisi taa imemulikwa usoni kwake, wakati wengine wana mambo yao.

Utaniambia, lakini kwa mwenzako maji yalimwagika, kila mtu aliona. Ni kweli. Hapo hakuna cha kujifariji. Ninachokiona mimi ni kwamba tunakosea zaidi kwenye swali la pili: wataendelea kuliwaza jambo hilo kwa muda gani, na watalipa uzito gani? Siku kama nne baadaye nilikutana na mmoja wa wanafunzi wale amebeba ndoo ya maji. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, halafu akaniuliza, "Ticha wa fizikia atarudia lini ile ya glasi? Maana tulijaribu nyumbani ikakubali." Mwenzangu alikuwa halali kwa sababu ya jambo ambalo kwa watoto lilikuwa kipindi ambacho hakijaisha.

Wa pili ni Albert Bandura, ambaye tulimsoma mwaka wa kwanza na wengi tukamwacha kwenye mtihani. Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alieleza kwamba imani ya mtu kuwa "hili naliweza" inatoka kwenye vyanzo vinne. Cha kwanza na chenye nguvu kuliko vyote ni kufanya jambo lenyewe na kufaulu. Cha pili ni kumwona mtu wa aina yako akifaulu. Cha tatu ni maneno ya watu wanaokutia moyo. Cha nne ni jinsi unavyousoma mwili wako: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, koo kukauka.

Sasa angalia tunavyosaidiana sisi. Mwenzetu akianguka tunamwambia, "Usijali bro, utaweza." Hicho ni chanzo cha tatu peke yake. Siyo kibaya, lakini hakiwezi kumtoa mtu shimoni. Anayetaka kurudi lazima arudi kwenye chanzo cha kwanza, yaani afanye tena, na afaulu. Swali ni atafikaje huko wakati anaogopa kufanya.

Hatua ya kwanza: chunguza jaribio, mwache mtu

Ukimuuliza mtu aliyeaibika kwa nini imegoma, atakujibu kuhusu yeye: "Mimi sina mkono wa majaribio." Jibu hilo halina msaada, kwa sababu haliwezi kurekebishwa kesho. Uliza kuhusu vitu.

Tulikaa usiku tukauliza kuhusu vitu. Hewa inayotuzunguka inasukuma pande zote, pamoja na kutoka chini kwenda juu. Usawa wa bahari msukumo huo unaweza kubeba maji yenye kimo cha karibu mita 10. Kwenye nyanda za Katavi, zilizo juu ya bahari, unapungua kiasi, lakini glasi ya maji yenye kimo cha kiganja kwake ni kitu kidogo sana. Kwa hiyo hewa haikushindwa. Kilichoshindwa ni mfuniko.

Karatasi ilikuwa ya daftari. Ikilowa inalegea, inabonyea katikati, hewa inapenya pembeni, na hewa ikipenya biashara imekwisha. Tena chombo chenyewe hakikuwa glasi. Kilikuwa kikombe laini cha plastiki, vile vya kwenye sherehe. Ukikishika kwa nguvu kinabonyea, ukilegeza mkono kinarudi, na kila kinapobadilika umbo mdomo wake unaachana na karatasi. Mtu mwenye wasiwasi anakishika kwa nguvu zaidi, kwa hiyo woga wenyewe ulikuwa unasaidia kumwaga maji. Kinachotakiwa ni chombo kigumu, mdomo usio na pengo na uliolowanishwa kidogo, na karatasi ngumu inayoteleza kama ya kalenda.

Mama mwenye nyumba alikuwa na chupa ya kioo ya mdomo mpana aliyokuwa akihifadhia asali. Akatupa, tukaiosha kwa maji ya moto. Kalenda ya mwaka uliopita ilikuwepo ukutani.

Hatua ya pili: anza na watu wachache

Alirudia mara 20 juu ya beseni, mimi nikihesabu. Mara 7 zilimwagika, zote katika kumi na mbili za mwanzo. Nane za mwisho hakuna hata moja. Namba hizo alizibandika juu ya kitanda, na naamini zilimsaidia kuliko maneno yangu yote. Mtu akikwambia "utaweza" unaweza kubisha, ila huwezi kubishana na nane ulizozifanya mwenyewe.

Kisha akawafanyia watoto wa mama mwenye nyumba. Kisha mkondo mwingine wa kidato kilekile, ambao haukushuhudia mkasa. Ngazi kwa ngazi. Kosa la wengi ni kuruka kutoka chumbani moja kwa moja mpaka mbele ya msimamizi, wakigoma tena wanasema "si nilijua." Kosa lingine ni kuishia kwenye ngazi za chini. Mwisho wa ngazi ni darasa lilelile lililokucheka. Ukilikwepa hilo, hofu inabaki pale inakusubiri, na kila siku unayokwepa inaongezeka kimo.

Kuhusu mwili: moyo utaenda mbio tu. Mtaalamu Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia "nina hamasa" kabla ya kuimba au kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Mapigo ya moyo ya hamu na ya woga yanafanana sana, tofauti ni jina unaloyapa. Ukiwa nje ya mlango na chaki mkononi, ni rahisi kuyabadilisha jina kuliko kuyazuia.

Hatua ya tatu: usitangaze mwisho

Mafundi wa mazingaombwe wana kanuni ya zamani: usiwaambie watazamaji kitakachotokea kabla hakijatokea. Wasipojua ulikuwa unaelekea wapi, hawawezi kujua kama umepotea njia. Ndiyo maana fundi mzoefu akikosea karata anageuza maneno, anamalizia kwa namna nyingine, na watu wanapiga makofi.

Kwa mwalimu kanuni hiyo ni tamu zaidi. Badala ya kutangaza "hakuna tone litakaloanguka," uliza, "Mnadhani nini kitatokea? Anayesema yatamwagika anyooshe mkono. Haya, kwa nini?" Sasa lolote litakalotokea ni jibu la swali. Yakibaki, tunaeleza. Yakimwagika, tunaeleza pia, na waliokisia kumwagika wamefurahi.

Hapa ndipo mwalimu na mtu wa mazingaombwe wanapoachana. Yule anaficha sababu, kwa hiyo kugoma kunamvua nguo. Mwalimu kazi yake ni kuitoa sababu hadharani. Kwa hiyo kauli ya "dawa imeisha nguvu" isipuuzwe. Ilikuwa utani, lakini inabeba jambo. Kuna walimu wanaopenda wanafunzi waamini kwamba wana kitu cha ziada. Heshima ya namna hiyo ni ya mkopo, inakwisha siku ya kwanza kitu kikigoma. Aliyesema tangu mwanzo "hii ni hewa tu, hata wewe utaifanya" hana cha kupoteza.

Andaa pia sentensi yako ya kwanza baada ya mkasa, iwe fupi, uijue kwa moyo. "Yamemwagika. Nani ameona yalipoanzia kutoka?" Inatosha. Hotuba ya kuomba radhi dakika tano inawakumbusha aibu, na kuwagombeza waliocheka kunawafundisha kwamba kweli kulikuwa na jambo kubwa la kuficha.

Waliokataa kunyamaza

Mfano wetu mkubwa tunao nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliweka kwenye friza maziwa yakiwa bado ya moto, akakuta yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, ikawa utani: hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza nao, Mpemba akauliza tena mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne aliporudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education, na leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Na utamu wa kisa hicho hauishii hapo. Jaribio la Mpemba lenyewe linagoma mara nyingi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa kulithibitisha, na ubishi unaendelea. Maabara kubwa za dunia zinageuza glasi zao na maji yanamwagika, zinafuta meza, zinaandika, zinarudia.

Ila tusidanganyane, kuna mambo ya kutorudia. Mwaka 1918 jijini London, Chung Ling Soo, ambaye jina lake halisi lilikuwa William Robinson, alifanya mazingaombwe yake ya kudaka risasi kama alivyozoea. Bunduki ilikuwa na hitilafu, ikafyatuka kweli, akafariki. Jaribio lenye spiriti, moto au asidi likigoma, usilirudie mbele ya watoto ili kulinda jina. Sogeza wanafunzi, zima, funika, kipindi kiishie hapo. Kujiamini kunakorudishwa kwa kuhatarisha macho ya mtoto si kujiamini.

Matokeo

Mwenzangu alirudi kwenye darasa lake siku mbili kabla ya msimamizi. Alibeba vyombo viwili: kikombe kile cha plastiki na karatasi ya daftari, na chupa ya asali na kipande cha kalenda. Akauliza kipi kitamwaga. Wakabishana, wakapiga kura. Cha plastiki kikamwaga, safari hii juu ya beseni. Cha kioo kikashika. Aliyeitwa mbele kueleza tofauti ni yule kijana wa nyuma wa "dawa imeisha", na alieleza vizuri kuhusu karatasi kulegea, ingawa kwa Kiingereza cha kuungaunga. Chombo kilichomwaibisha kikawa zana ya kufundishia. Msimamizi alipokuja alikuta somo jingine kabisa, na puto mezani.

Wanaojiandaa kwenda field mwaka huu, wekeni kwenye begi chombo kigumu chenye mdomo mzima, karatasi ya kalenda, na kitambaa cha kufutia meza. Jaribuni nyumbani mpaka mhesabu nane mfululizo. Na kwa sisi tunaobaki kwenye viti, kwenye semina, kwenye usiku wa vipaji au nyuma ya darasa la mwenzetu: kitu chake kikigoma, simu zibaki mfukoni. Kicheko hakizuiliki na hakidumu. Kinachodumu ni video kwenye status, inayomfanya mtu ashindwe kurudi. Mpe sekunde kumi, mara nyingi ndizo anazohitaji kuikumbuka sentensi yake.